Boksi la kufundishia na kupima kusoma: nilichopenda, kilichoniudhi, na karatasi moja iliyonifumbua macho

Nimekaa na hili boksi muhula mzima, nimelitumia na watoto 18 wa miaka 6 na 7, kwa hiyo ninayoandika hapa sio ya mtu aliyefungua mfuko jana akapiga picha kadi zikiwa bado zinang'aa. Kadi zangu zimeshakunjika pembe, mbili hazionekani na moja imetafunwa. Jina la waliolitengeneza silitaji, maana nina mengi ya kulalamika na sitaki iwe ugomvi, ila maboksi ya namna hii yanafanana sana siku hizi, hata kama la kwako lina rangi nyingine we soma tu, utajua pa kukagua.

Kwa wenye haraka: sehemu ya kupima ni nzuri kuliko sehemu ya kufundishia, na hiyo ya kupima yenyewe ina makosa ambayo mtu anayeongea Kiswahili kila siku angeyaona kabla halijaenda kuchapishwa. Programu ya simu inayokuja nalo nimeshaifuta. Lakini kuna karatasi moja humo ndani, moja tu, imebadilisha kabisa ninavyofundisha, na kwa ajili yake sijutii kulinunua.

Ndani unakuta kadi za herufi, kadi za silabi, vitabu vidogo 10 vya hadithi, kijitabu cha mpimaji, karatasi za mtoto zilizopigwa lamineti, fomu za kujaza na taima ndogo ya sekunde 60. Kijitabu cha mpimaji kinafuata mtindo wa EGRA, yaani kipimo cha kusoma kwa watoto wa madarasa ya chini, wanaofundisha madarasa hayo wengi wanaujua, ule ulioanza kutengenezwa na shirika la utafiti la RTI International mwaka 2006 kwa ufadhili wa USAID halafu ukarekebishwa kwa lugha nyingi duniani. Unakaa na mtoto mmoja mmoja, anasikiliza sauti, anasoma herufi, anasoma maneno, anasoma maneno ya kubuni, anasoma kahadithi kafupi, unamuuliza maswali 5, mmemaliza. Kama robo saa hivi kwa kila mtoto.

Sasa hayo maneno ya kubuni ndo hiyo karatasi ninayoisema.

Nina mtoto mmoja, hapa nitamwita Dogo, mi mwenyewe nilikuwa nimeshamweka kwenye kundi la wanaojua kusoma. Ukimpa kitabu cha darasani anasoma kwa sauti ya juu, kidole kinatembea chini ya mstari, akifika kwenye nukta anasimama, yaani ukiwa mlangoni unasema huyu ameshamaliza. Mama yake kila tukikutana ananiambia mwalimu, mwanangu anasoma mpaka mabango ya barabarani. Nikamkalisha, tukaanza. Herufi akaenda vizuri kiasi. Maneno ya kawaida akapita kama maji, baba, kuku, leo, duka, kitabu, hakusita hata kidogo. Nikageuza karatasi, nikamwambia kama kijitabu kinavyoelekeza, haya maneno sio ya kweli, hayana maana, we soma tu kama yalivyoandikwa.

La kwanza lilikuwa "dupi". Akasema "duka".

"Lemo". Akasema "leo".

"Kitemo". Akasema "kitabu", na alilisema kwa furaha kabisa.

Kwenye "zape" akanyamaza. Akainua macho, akaacha kuangalia karatasi, akawa ananiangalia mimi mdomoni, anasubiri midomo yangu ianze kufanya umbo la herufi ya kwanza ili aidake. Hapo ndo nilipoishiwa nguvu, maana nilikumbuka ni mara ngapi darasani nilikuwa nasimama mbele yake naanza neno naye analimalizia, na mimi nampongeza. Miezi yote hiyo mtoto alikuwa anashika herufi ya kwanza, pengine na ya mwisho, halafu anachagua neno analolijua linalofanana. Na vitabu vya darasani alikuwa ameshavisikia mara nyingi vikisomwa na wenzake kwa hiyo vipo kichwani. Mtafiti wa Marekani, Linnea Ehri, ameieleza hatua hii vizuri sana kwenye kazi zake, kwamba mtoto anapita kipindi cha kujua baadhi ya herufi na kutumia hizo chache kukisia neno zima kabla hajaweza kuunganisha zote. Ni hatua ya kawaida kabisa, sio ugonjwa, ila mtoto akiachwa hapo watu wakidhani ameshafika, vitabu vikija kuwa na maneno mageni anaanguka na hakuna anayeelewa kwa nini.

Kuna sheria humo kwamba mtoto akikosa mstari wote wa kwanza unasimamisha, unamshukuru, unaenda sehemu inayofuata, humlazimishi. Niliipenda sana hiyo sheria. Dogo alikosa yote 5 ya mstari wa kwanza, nikamwambia asante umejitahidi, akaondoka hajui kama amekosa kitu. Mimi ndo nilibaki pale na fomu.

Kwa hiyo kama umenunua boksi kama hili na una mtoto mmoja tu nyumbani, anza na karatasi hiyo. Maneno ya kubuni hayawezi kukaririwa, hayapo kwenye kitabu chochote, hakuna picha ya kusaidia, hakuna kukisia kwa maana. Kilichobaki ni herufi na sauti zake na kuziunganisha, basi. Nilipowapitisha wote 18, watatu niliodhani wanasoma walikuwa kama Dogo, na mmoja niliyedhani hajui kitu, binti mkimya asiyependa kusoma mbele za watu, alisoma mistari mitatu ya maneno ya kubuni taratibu bila kosa. Alikuwa anajua, alikuwa anaona aibu tu.

Haya, sasa makosa, na naanzia hapo hapo kwenye karatasi ninayoisifia. Kwenye orodha ya maneno "yasiyo na maana" wameweka "kombo" na "dema". Jamani. Mambo kwenda kombo nani hajui? Na dema ni mtego wa samaki, mtoto wa mvuvi atalisoma mara moja na utamwandikia amejua kuunganisha sauti kumbe ni neno la nyumbani kwao. Inaonekana kuna kompyuta imepewa kazi ya kuchanganya silabi na hakuna mtu aliyekaa na kamusi kuyapitia. Mi niliyafuta kwa maki peni nikaandika mengine. Ukitunga ya kwako, tafadhali yasome kwa sauti mbele ya watu wazima wawili watatu kwanza, mmoja wao atakuambia hilo kwetu lina maana, na pengine maana mbaya.

Sehemu ya kusikia sauti nayo ina tatizo ambalo mwanzo sikuliona. Hiyo sehemu haina maandishi, unasema neno kwa mdomo na mtoto anakuambia linaanza na sauti gani. Nikasema "simba". Watoto karibu wote wakajibu "si". Kijitabu kinataka jibu liwe "sss" peke yake, na "si" unaandika kosa. Sasa mtoto anayeongea Kiswahili sikio lake linakamata silabi kwanza, lugha yetu imejengwa hivyo, si-mba, ku-ku, ba-ba, karibu kila silabi inaishia na irabu. Kusikia silabi kunatangulia kusikia sauti moja moja, kwa watoto wa lugha nyingi tu, kwa hiyo mtoto anayesema "si" amejibu kitu cha kweli, yuko ngazi moja chini ya ile unayoitafuta. Kumwekea alama sawa na yule aliyenyamaza au aliyesema "ba" ni kupoteza habari muhimu sana. Mi nimechora safu ya ziada kwenye fomu, naandika S kwa aliyetaja silabi sahihi. Hao wenye S nyingi wanahitaji mchezo mmoja tu wa kuivuta ile sauti, ssssimba, ssssaa, sssungura, wiki mbili tatu wamefika. Aliyenyamaza anahitaji kuanzia mbali zaidi, kupiga makofi kwa silabi, kutafuta maneno yenye vina.

Alafu kwenye kupiga makofi wenyewe wamekosea tena. Jibu la kijitabu kwa neno "mtu" ni kofi moja. Mtu ni makofi mawili, m-tu, ile m inasimama peke yake kama silabi, sawa na mti, mke, mto. Mtoto mmoja alipiga mawili nikaangalia jibu nikaona moja, nikasita, nikarudia mwenyewe chini ya meza kwa vidole, mtoto yuko sahihi. Sasa fikiria mzazi asiye mwalimu, ataamini karatasi.

Na kadi ya ng'. Hii imeniudhi kuliko zote. Kadi imeandikwa "ng" bila ile alama ya ritifaa, picha ni ya ng'ombe. Kadi inayofuata imeandikwa "ng" vile vile, picha ni ya ngoma. Yaani kadi mbili zinafanana herufi kwa herufi na mtoto anaambiwa zina sauti mbili tofauti. Alama moja ndogo juu ya mstari ndo inayotenganisha hizo sauti, na wameiacha. Nimeichora kwa kalamu nyekundu, kubwa, na watoto wameipa jina, wanaiita kipele.

Kwenye kufundisha sasa. Boksi linaanza na majina ya herufi, be, che, de, e, efu. Nadhani walimu wenzangu mnajua linapoelekea. Mtoto anajua "be", anajua "a", unamwambia unganisha anakuambia "bea". Rudia mara mbili, "beabea", wakati neno ni baba. Mtoto hajakosea, amefanya hasa ulichomfundisha. Herufi ina jina na ina sauti, na kwenye kusoma kinachofanya kazi ni sauti, jina linaweza kuja baadaye. Programu ya simu ndo imeharibu zaidi kwa sababu pale walipojaribu kutoa sauti, msomaji wao anasema "bu" kwa b, "mu" kwa m, "su" kwa s, kuna irabu imejificha mkiani. Mtoto akiunganisha "mu" na "a" anapata "mua". M unaitamka umefunga mdomo, mmmm, unaweza kuishikilia mpaka pumzi iishe, hakuna u pale. Kwa b na d na t ambazo hazishikiliki unazikata fupi kadiri unavyoweza, au unaenda moja kwa moja kwenye silabi nzima, ambayo kwa Kiswahili ni njia nzuri tu na walimu wetu wa zamani waliitumia, ba be bi bo bu. Ila na yenyewe ina mtego wake. Darasa zima linaimba ba be bi bo bu kwa mpangilio ule ule, ukimnyooshea mtoto "bo" peke yake anaanza kuimba kimoyomoyo kutoka ba ndo aifikie. Changanya mpangilio. Kadi za silabi za hili boksi zinasaidia sana hapo kwa sababu sio chati, unazichanganya kama karata, na hili nawapongeza kwa dhati.

Kitu kingine wamefanya ni kuweka b na d kwenye somo moja, siku moja, eti mtoto aone tofauti. Hapana. Herufi zinazofanana sura ukizileta pamoja mtoto anajifunza mkanganyiko wenyewe. Fundisha b mpaka ikae, pita wiki kadhaa na herufi nyingine, ndo ulete d. Dogo aliyachanganya haya mawili mpaka nilipoficha kadi ya d kabisa kwa muda.

Vitabu vidogo vya hadithi vitano vya kwanza ni vizuri mno, sijui kama ni mtu yule yule aliyetengeneza programu ya simu. Vinatumia herufi zilizokwisha kufundishwa tu. Kitabu cha pili kina "Toto lilitaka maua", na mtoto aliyejifunza irabu na m, l, t na k anaweza kuusoma mstari huo wote peke yake bila kukisia. Ule uso mtoto anaofanya akigundua amesoma mwenyewe, neno hajawahi kuliona, hakuna aliyemwanzishia, mi nafanya kazi hii kwa ajili ya uso ule. Kitabu cha sita wameruka ghafla, "aling'ang'ania" ukurasa wa kwanza, na hiyo ng' ndo ile ambayo kadi yake haina ritifaa. Kuanzia cha sita hadi cha kumi mi navitumia kuwasomea mimi, sio wao kusoma.

Nirudi kwenye kupima maana kuna hili la spidi. Nyuma ya kijitabu kuna jedwali, maneno mangapi kwa dakika ni mazuri, mangapi ni hatari, limepakwa kijani na nyekundu. Nina uhakika limetoka kwenye Kiingereza likabandikwa hapa, kwa sababu hakuna mtu aliyefikiria urefu wa neno la Kiswahili. "Atakapowaletea" ni neno moja kwenye hesabu yao. Kwenye Kiingereza wazo hilo linagawanyika kwenye maneno manne au matano mafupi, kila moja linahesabiwa. Mtoto wetu anasoma silabi nane anapata alama moja! Wenyewe waliotengeneza EGRA wanasema msilinganishe spidi kati ya lugha na lugha, na hata maandishi yenyewe hayafanani, sisi tunaandika kama tunavyotamka. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wanaoanza kusoma Kiingereza na lugha nyingine 12 za Ulaya, na ikaonekana wale wa Kiingereza wanachukua muda zaidi ya mara mbili kupata misingi ukilinganisha na wa lugha ambazo herufi na sauti zinakwenda sambamba. Sasa unachukuaje vipimo vya huko kuja kumwambia mzazi wa huku mtoto wako ni mwekundu? Mzazi mmoja niliyemwazima kijitabu alinirudishia ameshtuka kabisa, anauliza mwalimu, huyu mtoto tumpeleke hospitali? Nimeichana hiyo kurasa.

Lakini sisemi spidi haina maana. Mtoto anayesoma a-ka-ka-ma-ta anafika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake, nguvu zote zimeishia kwenye herufi, kwa hiyo wepesi una kazi yake. Ninachofanya ni kumlinganisha mtoto na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, kwa kifungu cha ugumu ule ule. Na taima naificha. Mara ya kwanza niliiweka mezani, binti mmoja akawa anaiangalia yenyewe kuliko maandishi, anaruka maneno ili awahi. Sasa natumia simu imelala kifudifudi, mtoto hajui kama kuna kuhesabu, anajua anamsomea mwalimu hadithi.

Jambo jingine la kuangalia ni matamshi. Mtoto anayesema "lafiki" siku zote akiongea, akisoma "rafiki" akatamka "lafiki" amesoma sahihi. Kijitabu chao hakisemi kitu juu ya hili, na mpimaji mkali atamkata alama kila mstari. Aliyekosea akajirekebisha mwenyewe naye ni sahihi, hilo wamelisema, vizuri.

Maswali ya ufahamu ni 5 na moja kati yao ni "Mbwa ana miguu mingapi?" Nilimuuliza mtoto ambaye hajasoma hiyo hadithi, akajibu minne. Swali linalojibiwa bila kusoma halipimi kusoma. Mengine matatu jibu lake limeandikwa pale pale, na la tano ndo linalotaka mtoto afikiri, kwa nini mbwa alirudi nyumbani, na hilo ni zuri sana. Ukiwa na dakika tunga mawili ya aina hiyo uongeze.

Kilichokosekana kabisa, na kwangu ni pengo kubwa, ni sehemu ya kusikiliza. Yaani wewe unamsomea mtoto hadithi, yeye anajibu maswali, hasomi chochote. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer waliandika kitu ambacho kinaonekana chepesi ila kinasaidia sana, kwamba kuelewa unachosoma ni kutambua maneno mara kuelewa lugha. Mara, sio kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri jibu ni sifuri hata kingine kiwe kikubwa vipi. Nilikuwa na watoto wawili wote wamepata 0 kati ya 5 kwenye maswali na fomu inawaonyesha sawa kabisa. Nikawasomea mwenyewe hadithi nyingine, nikauliza. Wa kwanza akajibu yote 5 tena akaongeza na habari za mbwa wao. Huyo shida yake ni herufi, arudi kwenye kadi. Wa pili alikuwa anasoma vizuri tu, maneno yote yanatoka, lakini hata nilipomsomea hakujibu hata moja, kumbe nyumbani wanaongea lugha nyingine na nusu ya maneno ya hadithi hayajui. Huyo ukimrudisha kwenye kadi za ba be bi unampotezea muda wake, anahitaji kuongeleshwa, kusimuliwa, kuulizwa, kupewa maneno. Watoto wawili, sifuri moja ile ile, dawa mbili tofauti. Bila kusikiliza ningewapa dawa moja.

Ndo maana lile bango la rangi lililokuja ndani, la kubandika ukutani lenye majina ya watoto na nyota kulingana na alama zao, sijalibandika wala sitalibandika. Aina hii ya kipimo ilitengenezwa kuangalia madarasa na shule zinaendeleaje na kumsaidia mwalimu ajue afundishe nini, sio kumpanga mtoto wa miaka 6 kuwa wa kwanza au wa mwisho mbele ya wenzake. Yule binti mkimya angeona jina lake ukutani asingefungua mdomo tena.

Pia matoleo ya hadithi za kupimia ni mawili tu, A na B. Ukipima mara tatu kwa muhula mtoto ameshaijua. DIBELS, kipimo cha kusoma cha Chuo Kikuu cha Oregon huko Marekani, ambayo inapakuliwa bure, ina matoleo mengi kwa sababu hiyo hiyo, ila ile imetengenezwa kwa Kiingereza kwa hiyo usiitafsiri, angalia muundo tu utunge vyako.

Na kama huwezi kulinunua hili boksi usijione umekosa kitu kikubwa. Shirika la Pratham la India walianza ASER, kipimo chao cha kusoma, mwaka 2005 kwa karatasi moja tu, herufi, maneno, aya fupi, hadithi, unaona mtoto anasimamia ngazi gani. Karatasi hiyo unaiandika kwa mkono jioni moja. Ongeza maneno 10 ya kubuni uliyoyahakiki, ongeza hadithi moja ya kumsomea, tayari una kipimo ambacho kwa baadhi ya mambo kinalishinda boksi hili.

Dogo nilimpima tena juzi. Wiki saba tulikuwa naye dakika 10 kila siku, kadi za silabi zimechanganywa, mimi nimekaa pembeni yake badala ya mbele ili asiuone mdomo wangu. Maneno mapya niliyoandika mwenyewe. Alikwenda polepole kuliko alivyokuwa anasoma kile kitabu cha kukariri, polepole sana, na mama yake alikuwepo akaanza kuwa na wasiwasi, nikamwambia subiri mama. Neno la kwanza lilikuwa "fulemi". Akasema fu, akasimama, le, mi. Halafu akalirudia lote kwa pamoja, akaniuliza, "Mwalimu, fulemi ni nini?" Nikamwambia sio kitu, ni la kubuni. Akasema basi lete lingine.

Waliotengeneza nimewaandikia kuhusu kadi ya ng', kuhusu mtu, kombo na dema, wamenijibu wamepokea. Mwenye toleo jipya kuliko la kwangu hebu afungue aangalie hiyo kadi ya ng'ombe kama wameweka ritifaa, aniambie hapo chini.